Kitanda Kando ya Maji: Naivasha na Historia ya Kuchagua Pa Kulala

Mtu anayejiandaa kwenda kukaa juma zima katika kisiwa cha Karibea, iwe Barbados, Jamaika au Antigua, ana maswali manne asiyoweza kuyakwepa kabla hajalipia chumba. Bei ni ngapi, bahari iko hatua ngapi kutoka mlangoni, chakula kimo ndani ya bei au la, na aende mwezi gani. Hilo la nne ndilo lenye uzito, kwa kuwa vimbunga vya Atlantiki vina msimu wake, Juni hadi Novemba, na kila mwenye hoteli, kila kampuni ya bima na kila mgeni anaujua. Kimbunga Irma kilipoivunjavunja Barbuda mnamo Septemba 2017, kilikuja ndani ya msimu wake. Hasara ilikuwa kubwa mno, ila hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuwahi kusikia habari za vimbunga. Kwetu Bonde la Ufa pia kuna maji, kuna visiwa, na kuna hoteli zinazoyatazama. Anayepanga wikendi Naivasha huuliza bei, huuliza kama kuna bwawa la kuogelea la watoto, huuliza kama viboko hufika bustanini usiku. Haulizi ziwa litakuwa wapi. Hoja yangu ni kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa hapa, na watu waliojua kuliuliza. Lilipotea kwa sababu ambazo historia inaweza kuzitaja kwa miaka na kwa majina. Na kupotea kwake kunaeleza masaibu ya mtaa wa Kihoto kama vile mvua yenyewe inavyoyaeleza.

Kihoto uko upande wa mji wa Naivasha unaoteremkia ziwani, kwenye uwanda ulio tambarare hivi kwamba jicho halioni mteremko. Ni mtaa wa nyumba za kupanga, vyumba vilivyopangwa kwa safu, na wengi wanaolala humo hupata riziki yao kwenye mashamba ya maua, kwenye hoteli za barabara ya Moi South Lake, au kwenye biashara ndogondogo zinazowahudumia wafanyakazi wa sehemu hizo mbili. Mwaka 2020 maji yaliingia. Mwishoni mwa 2025 yaliingia tena kwa nguvu zaidi, yakawatoa maelfu ya watu majumbani mwao, na boti zikawa zinapita palipokuwa njia, zikibeba magodoro, vyombo na watoto. Maji ya ziwa hayaji kama ya mto. Hayagongi mlango kwa kishindo. Asubuhi moja ua unakuwa na unyevu, juma linalofuata choo cha shimo kimejaa mpaka juu, kisha kizingiti kinapotea, na yanapotulia huacha ukutani mstari wa matope ulionyooka kama uliopigwa kwa kamba ya fundi. Jina Kihoto ni la Kikuyu, na maana yake ni hoja iliyobeba haki, neno la kweli linalomshinda mpinzani bila kuinua mkono. Naona ni jina linalotudai tutafute hoja hiyo.

Tuanze na jina la ziwa lenyewe. Wamaasai waliliita Nai'posha, neno linaloelezwa kuwa maji yanayochafuka, maji yanayokwenda na kurudi. Wengine hulichukua kuwa ni sifa ya mawimbi ya alasiri, pale upepo unapoligeuza ziwa tulivu kuwa hatari kwa mtumbwi ndani ya saa moja. Inawezekana. Lakini wafugaji walioishi na ziwa hilo vizazi kwa vizazi walijua pia mwendo wake mwingine, ule wa miaka. Naivasha ni ziwa la maji baridi lililo juu kuliko maziwa yote ya Bonde la Ufa upande wa Kenya, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hulishwa na mito ya Malewa na Gilgil na halina mto unaotoka. Maji yake hupungua kwa jua na kwa kupenya chini ya ardhi, na huko kupenya ndiko kunakoliepusha lisiwe la magadi kama Nakuru na Elmenteita. Sehemu yake kubwa ina kina cha mita chache tu. Ziwa la namna hiyo likipanda kidogo hutanda mbali sana, likishuka kidogo huacha wazi malisho mapana. Kwa mwenye ng'ombe, ukingo wa ziwa haukuwa mstari hata kidogo. Ulikuwa eneo zima, pana, la kutumiwa kwa zamu na maji.

Wageni wa kwanza kulala hapa ambao habari zao ziliandikwa walikuwa watu wa misafara ya pwani. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Naivasha mwaka 1883, alisafiri pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezifahamu njia hizi kabla ya Mzungu yeyote kuzichora kwenye ramani. Mjerumani Gustav Fischer alikuwa ametangulia kwa miezi michache mwaka huohuo. Mnara wa mwamba ulio ndani ya hifadhi ya Hell's Gate umebaki na jina la Fischer. Hawa walipochagua pa kulala walitaka maji ya kunywa, kuni, na mahali panapoweza kuzungushiwa boma la miiba kabla giza halijaingia. Mandhari hayakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Walipoondoka walibomoa au waliacha, na ziwa likipanda mwaka uliofuata hapakuwa na kitu cha kupoteza. Bonde letu bado limejaa majina yenye kumbukumbu ya namna hiyo ya kukaa, Kampi ya Moto karibu na Nakuru, Kampi ya Samaki huko Baringo. Sisemi kwamba yote ni ya misafara. Nasema lugha yetu ilijua kuna mahali pa kambi na kuna mahali pa nyumba, na kwamba hapo pawili si pamoja.

Mambo mawili yaliyofuatana kwa ukaribu sana ndiyo yaliyolipoteza swali. Hadi 1902 Naivasha ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo ilihamishiwa upande wa pili, katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na reli iliyotoka Mombasa ilikuwa tayari imeshapita. Agosti 1904 kamishna Sir Donald Stewart alitia saini mapatano na Olonana na viongozi wengine wa Wamaasai, nao wakaondolewa kwenye bonde karibu na reli, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Miaka miwili baadaye, 1906, kimo cha maji ya ziwa kikashikwa kuwa mpaka: mstari wa futi 6,210 juu ya usawa wa bahari, yapata mita 1,893. Msomaji atazame mfuatano huo. Waliojua kwamba ziwa linakwenda na kurudi waliondolewa kwanza, halafu ndipo likapigiwa mstari kana kwamba limesimama. Sidhani mpimaji alikuwa na nia mbaya. Alipima alichokiona, na alichokiona kilikuwa ziwa lililojaa, kwa sababu miaka ile ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa ya maji mengi.

Hoteli za kwanza za Wazungu hazikuathiriwa na kosa hilo, na sababu yake ni nyepesi. Zilifuata reli. Bell Inn ya mjini Naivasha, ambayo ni ya miaka ya 1920, ilisimama kwenye barabara kuu ya mji, si ziwani, kwa kuwa mteja wake alitoka stesheni au alikuwa njiani kwenda Nakuru. Nakuru kwenyewe mambo yalikuwa hivyohivyo. Pa kulala palikuwa mjini, karibu na stesheni, na mtu alikwenda ziwani akitaka, akarudi. Kwa maneno mengine, hoteli ilikuwa ya njia, na njia ilipita pakavu.

Kilichohamisha kitanda kikakaa ukingoni ni ndege. Kati ya 1937 na 1950 Naivasha ilikuwa kituo cha ndege za kutua majini zilizosafiri kutoka Southampton, Uingereza, hadi Afrika Kusini, kwanza chini ya Imperial Airways na baadaye BOAC. Ndege hizo zilihitaji maji marefu yasiyo na vizuizi, na Nairobi haikuwa nayo. Naivasha ilikuwa karibu, yapata kilomita 90 kwa barabara. Abiria alishuka ndegeni akaingia botini, akatoka botini akakanyaga gati, na pale juu ya gati ndipo alipohitaji chai, maji ya moto na shuka safi kabla ya safari ya barabara. Hoteli iliyokuja kujulikana kama Lake Naivasha Hotel, na baadaye Lake Naivasha Country Club, ilikua kutokana na haja hiyo, upande wa mashariki wa ziwa. Hapo ndipo mgeni alipozoea jambo ambalo leo tunaliona kuwa la kawaida kabisa, kufungua mlango wa chumba na kuteremka kwa majani mabichi mpaka majini, chini ya kivuli cha migunga yenye magome ya manjano.

Sasa tuulize ziwa lilikuwa na hali gani katika miaka hiyo. Kuanzia miaka ya 1920 lilikuwa likishuka, na katikati ya miaka ya 1940 lilikuwa limeteremka mita kadhaa chini ya mstari wa 1906. Maana yake ni kwamba picha ya hoteli ya ziwani, picha ambayo wote waliofuata waliiga, ilichorwa wakati ziwa limejikunja. Wenye mashamba wa ukingoni waliliona hilo. Mwaka 1931 waliunda chama chao, na mapema katika miaka hiyo ya 1930 wakakubaliana na serikali kwamba ardhi iliyoachwa wazi na maji chini ya mstari ule wangeweza kuilima na kulishia mifugo, bila kuimiliki, na bila kujenga jengo la kudumu juu yake. Hapa mtu anaweza kunipinga, akasema: basi maarifa hayakupotea, yaliandikwa. Ni kweli yaliandikwa, na kwa sifa ya waandishi wenyewe kanuni hiyo ilikuwa ya busara. Lakini tuangalie yaliandikwa wapi na kwa ajili ya nani. Yaliandikwa kwa Kiingereza, ndani ya mapatano kati ya serikali na watu wachache wenye mashamba makubwa. Jina Nai'posha lilimfikia hata mtoto anayechunga mbuzi. Futi 6,210 ilimfikia aliyekuwa na ufunguo wa kabati. Maarifa yalitoka vinywani yakaingia kwenye faili, na faili haimwambii kitu mpangaji anayetafuta chumba cha bei nafuu jioni.

Wapo pia mashahidi wasiohitaji faili. Wa kwanza ni kisiwa. Mbele ya ile hoteli ya ndege kuna Kisiwa cha Crescent, ambacho kwa kweli ni ukingo wa kreta ya volkano uliochomoza majini kama mwezi mchanga, na ndani ya mkunjo wake ndimo mlimo na kina kirefu kuliko sehemu kubwa ya ziwa. Kila mwongozaji wa boti hukiita kisiwa. Ila miaka ambayo maji yamepungua hushikana na nchi kavu, na swala huingia na kutoka kwa miguu. Yaani kisiwa hiki ni kisiwa kwa miaka na rasi kwa miaka, na anayebishana kama ni hiki au kile anabishana kuhusu mwaka, si kuhusu mahali. Shahidi wa pili ni ile migunga ya manjano. Huota vizuri pale maji ya chini ya ardhi yalipo karibu, ikiwamo ardhi ambayo ziwa limeiacha juzi, na Wazungu wa zamani waliiita miti ya homa kwa kuwa waliougua malaria walikuwa wamelala karibu nayo. Wenye hoteli huipenda kwa kivuli chake. Leo ukipita kwa boti unaiona mamia yake imesimama ndani ya maji, imekufa, haina jani, matawi meupe kwa kinyesi cha mnandi waliojenga viota juu yake. Mti mkubwa uliokufa maji yakiwa kiunoni mwake unasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba hapa palikuwa pakavu kwa miaka ya kutosha kuukuza, na kwamba ukavu huo ulikuwa wa kuazima.

Kuchagua kwenyewe hakukuwa kwa kila mtu. Katika enzi ya ukoloni Mwafrika aliingia kwenye hoteli hizo kwa mlango wa jikoni, akiwa amevaa kanzu nyeupe ya kazi, na usiku alilala kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi zilizojengwa nyuma, mbali na macho ya wageni. Labda ndiyo maana Kiswahili chetu cha Kenya kiligawa maneno mawili kwa namna ambayo mgeni kutoka nje haielewi upesi: hoteli, kwa mwananchi wa kawaida, ni mahali pa chai na chapati, na pa kulala huitwa lojingi. Neno lilimfuata mtu kwenye sehemu ya nyumba aliyoruhusiwa kuingia. Baada ya uhuru milango ilifunguka, na polepole familia za Nairobi na Nakuru zikawa wateja wakubwa wa ukingo wa ziwa. Tangu 2021, mashindano ya magari ya Safari Rally yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia na kuweka makao yake Naivasha, kuna majuma ambayo kupata chumba ni vita. Hili ni jambo jema na ninaliona hivyo. Lakini laini hazikuondoka. Zilikua. Mashamba ya maua yaliyoanza kushamiri kuanzia miaka ya 1970 yalivuta maelfu ya watu kutoka kila pembe ya nchi, makao ya kampuni hayakuwatosha, na mitaa kama Karagita, Kwa Muhia na Kihoto ikajaa ili kuwapokea. Ukuaji huo ulitokea sehemu kubwa katika miaka ambayo ziwa lilikuwa mbali: lilishuka sana katika miaka ya 1980, likajaa kwa muda baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, likashuka tena hadi mwaka 2009 likafika hali mbaya ambayo wazee walilazimika kurudi miaka ya 1940 kuikumbuka. Mtu aliyenunua ploti mwaka 2009 aliona ukavu uliotanda mbele yake, na hapakuwa na yeyote wa kumweleza.

Nafika sasa kwenye pingamizi ambalo ni zito kuliko yote. Wapo watakaosema historia haina kazi hapa, kwa sababu kinachotokea leo hakijawahi kutokea; ni mabadiliko ya tabianchi, na mambo ya Wamaasai na ya 1906 hayatusaidii. Mwaka 2021 serikali ya Kenya pamoja na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, walitoa ripoti kuhusu kupanda kwa maji ya maziwa ya Bonde la Ufa na Ziwa Victoria, iliyohesabu kaya zaidi ya 75,000 zilizoathirika, na ilitaja mvua kubwa zinazoambatana na mabadiliko ya tabianchi pamoja na uharibifu wa ardhi ya juu, ambako msitu ukikatwa udongo hushuka mtoni. Siipingi. Mvua imeongezeka, na anayekana hilo hana msaada kwa mtu wa Kihoto. Lakini ripoti ya mvua inaeleza kwa nini maji yalipanda. Haielezi kwa nini kitanda kilikuwa pale. Na kuhusu kutowahi kutokea, tunao ushahidi mwingine. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Dirk Verschuren walichapisha katika jarida la Nature historia ya mvua ya miaka 1,100 waliyoisoma kwenye matope ya chini ya kreta ileile ya Crescent. Walionyesha nyakati ndefu za maji mengi zilizokatizwa na vipindi vya ukame mkali, cha mwisho kikiwa kati ya 1760 na 1840, vikali kuliko ukame wowote wa enzi ya ukoloni. Ziwa limewahi kujaa sana na limewahi karibu kukauka, mara nyingi, kabla ya gari la kwanza kuwasha injini katika bonde hili. Tabianchi mpya inaongeza nguvu kwenye tabia ya kale. Kwangu hiyo ni sababu ya kuijua tabia ya kale vizuri zaidi, wala si ruhusa ya kuitupa.

Baringo inathibitisha. Huko kuna hoteli ya kisiwani hasa, Island Camp, kwenye Kisiwa cha Ol Kokwe, nchi ya Wailchamus, kisiwa cha mawe ya volkano chenye chemchemi za maji moto. Na bara, kandokando ya Kampi ya Samaki, kulikuwa na Lake Baringo Club, iliyopendwa na watazamaji wa ndege kutoka dunia nzima, pamoja na kambi na hoteli nyingine zilizopangana ukingoni. Maji yalipopanda kuanzia 2010 na kuendelea, klabu hiyo ilimezwa. Majirani zake wakafuata. Mtu angedhani kisiwa ndicho kitakachozama na bara litabaki. Ilikuwa kinyume, kwa sababu kisiwa kina mwinuko na ukingo wa bara ulikuwa bapa. Anayechagua pa kulala kwa kuangalia umbali kutoka majini ameangalia kipimo kisichofaa. Cha kuangalia ni kimo. Mita 30 za bustani tambarare ziko karibu na ziwa kuliko hatua 10 za ngazi ya mawe.

Pingamizi la pili ni la mgeni. Atasema: mimi nalala siku mbili, ziwa halitapanda usiku huo, haya yananihusu nini? Kwa usalama wake mwenyewe huenda yasimhusu sana. Lakini hoteli hujengwa kwa kufuata macho ya wateja. Kwa miaka zaidi ya 80 mgeni amelipa zaidi kwa chumba kilicho chini, karibu na maji, na pesa yake ndiyo iliyosukuma vyumba viteremke, mafunjo yafyekwe ili maji yaonekane, na bustani ishuke mahali ambapo mapatano ya miaka ya 1930 yalikataza jengo. Mafunjo hayo si magugu tu. Ndiyo yanayochuja tope la Malewa na kuvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye udongo. Mgeni akianza kuuliza kimo, mwenye hoteli atajenga juu. Karibea ilibadilika hivyo. Bima, wageni na kumbukumbu ya vimbunga vilimlazimisha mjenzi. Tofauti yetu ni kwamba msimu wa vimbunga hurudi kila mwaka na haumpi mtu nafasi ya kusahau, wakati ziwa letu hukaa miaka 20 au 50 kabla ya kurudi. Ni muda mrefu kuliko mkopo wa benki, mrefu kuliko muhula wa gavana, mrefu kuliko umri wa kazi wa mpokezi wa wageni. Ndiyo maana kumbukumbu hapa haiwezi kuachiwa mtu mmojammoja.

La tatu naliheshimu kuliko mengine. Wa Kihoto hakuchagua, nitaambiwa, umaskini ulimchagulia. Alikwenda palipo na kodi anayoimudu na karibu na kazi, naye huwezi kumweka pamoja na tajiri aliyetaka kuona furukombe akiwa kitandani. Nakubali. Na kwa sababu nakubali, naona si haki aambiwe kila maji yanapokuja kwamba amejenga kwenye ardhi ya ziwa, kana kwamba kuna siku alionyeshwa mpaka wa ziwa akaukaidi. Mpangaji hakuonyeshwa. Mara nyingi hata aliyejenga ploti hakuonyeshwa. Katika nchi iliyogawa mashamba makubwa baada ya uhuru kwa kampuni na vyama vya kununua ardhi, vipande vilipita mikono mingi, na kila mkono ulipokea karatasi bila habari ya maji. Tajiri akizamiwa na bustani hupoteza msimu mmoja wa biashara. Mpangaji hupoteza godoro, shule ya mtoto, na kodi aliyokwisha kulipa. Kosa ni moja, la kusoma ziwa kwa hali yake ya leo. Adhabu ndiyo isiyogawanywa sawa.

Kisiwa kimoja cha Karibea kina mfano unaotufaa zaidi kuliko vimbunga. Katika Jamhuri ya Dominika, Ziwa Enriquillo, ambalo nalo halina mto unaotoka, lilianza kupanda baada ya 2004 na katika miaka isiyofika 10 likawa karibu maradufu ya ukubwa wake. Mashamba na malisho yalizama, na mji mdogo wa Boca de Cachón ukawa hauna maisha. Mwaka 2014 serikali ilikabidhi mji mpya uliojengwa juu zaidi, na watu wakahamia huko pamoja. Mji huo una kasoro zake, na ardhi ya kulima iliyopotea ni vigumu kuilipa. Lakini hakuna aliyewaambia watu wa Boca de Cachón wahame tu, bila kuwaonyesha pa kwenda.

Ninachoiomba serikali ya kaunti ya Nakuru ni kitu kidogo kabla ya kile kikubwa. Futi 6,210 zipo kwenye faili tangu enzi ya babu zetu. Zitolewe humo. Zisimikwe nguzo za saruji kuzunguka ziwa lote, kuanzia Kihoto hadi Karagita, Kwa Muhia na Kongoni, ndani ya hoteli na ndani ya mitaa bila kubagua, zipakwe rangi inayoonekana kutoka barabarani, na juu ya kila nguzo paandikwe kwa Kiswahili: maji yalifika hapa mwaka 1906. Ziongezwe alama za 2020 na 2025. Kisha watu wa Kihoto wapewe ardhi juu ya nguzo hizo. Nawe unayepanga kuja Naivasha, kabla ya kutuma pesa ya chumba, piga simu uulize chumba chako kiko juu ya mstari huo au chini yake.